Siku Tuliyoacha Kumtafuta Mama

Bibi niliyekuwa nikimtunza Louisville, Kentucky, alikuwa na maneno ya kusema kila radi ilipopiga. Aliweka kijiko chini, akatamka sentensi moja fupi ya Kiebrania, kisha akaendelea na supu yake. Mara ya kwanza nilidhani ananisema. Nilikuwa nimechelewa siku ile, basi limeniacha huku South End, na mtu aliyechelewa husikia masimango hata yasipokuwapo.

"Umesema nini, Bibi?"

"Nimemtukuza Mungu kwa nguvu zake."

"Kwa ajili ya radi?"

"Radi, umeme, tufani, tetemeko la ardhi. Kila kimoja tuna maneno yake."

"Na radi ikiua mtu?"

Akafuta mdomo kwa leso, akanitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyeamka kwa bahati mbaya. "Hapo kuna maneno mengine, magumu zaidi. Tunasema kwamba Yeye ni hakimu wa kweli. Hatusemi kwamba tumeielewa hukumu."

Amekwisha kufa sasa yule bibi, naye alikufa vizuri, kitandani kwake, akiwa amegombana nami jana yake kuhusu chumvi. Alikuwa Myahudi, mjane, miaka tisini na ushee, nyonga mbovu, ulimi mzima. Mimi ni Mkristo kutoka Kivu, mwanakwaya, na ulimi wangu nao haujambo. Nilitumwa kwake kwa majuma mawili nikakaa miaka minne. Tulibishana kuhusu Mungu tangu asubuhi nikimwosha hadi jioni nikifunga mlango, na sijui kama nimewahi kuifurahia kazi Marekani kuliko nilivyoifurahia ile.

Kuna siku ving'ora vya kimbunga vililia mji mzima. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha chini, lakini ngazi zake zilikuwa za kumvunja mtu shingo, kwa hiyo tulijifungia bafuni kusiko na dirisha, yeye juu ya kifuniko cha choo, mimi ukingoni mwa beseni la kuogea. Nikaanza kuomba kwa sauti, kama tunavyoomba kwetu. Mungu, kipite mbali, kisiiguse nyumba hii, kigeukie kwingine.

"Kwingine wapi?" akauliza Bibi.

"Popote."

"Jeffersontown?"

"Nina rafiki Jeffersontown."

"Basi utaje mtaa usio na rafiki yako, Mungu asije akakosea."

Nilikasirika. Kimbunga kiko njiani na huyu ananifanyia mtihani. Akanieleza, kwa utaratibu wake ule wa kuudhi, kwamba kwao mtu akiwa anarudi nyumbani akasikia kilio kinatoka mjini, haruhusiwi kuomba kilio kile kisiwe cha nyumba yake. Lililotokea limekwisha kutokea, na ombi halirudishi nyuma. Tena ukiomba kisiwe kwako, unaomba kiwe kwa jirani. Kama ni upepo ambao bado haujafika, aombe upungue nguvu, asiombe uhame. Nikamwambia hiyo ni dini ya watu wasio na damu mwilini. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, nikawa na kazi ya kumpigapiga mgongoni huku king'ora kinalia.

Kimbunga kilipita, kikaezua mapaa ya watu wengine upande wa pili wa kaunti. Kesho yake Bibi alinifanya nitoe mablanketi yote kabatini, tukayakunja, tukayapeleka kwenye sinagogi lake ambako walikuwa wanakusanya. Aliyakunja mwenyewe kwa vidole vile vilivyopinda, na nilipotaka kumsaidia akanipiga kofi mkononi. Blanketi moja lilikuwa la marehemu mume wake. Nilimuuliza kama ana uhakika, akasema marehemu hasikii baridi.

Habari ya mama yangu ilinikuta nikimkata Bibi kucha za miguu. Simu ilikuwa sakafuni karibu na goti langu, ikalia, ikawa ni ujumbe wa sauti wa dada yangu aliye Columbus. Niliufungua bila kufikiri, mikono ikiwa na kazi. Dada alikuwa analia huku anasema. Mvua imenyesha juu ya milima mchana kutwa na usiku kucha, mto umeshuka na mawe na miti mizima, mtaa wote wa mama kule kando ya ziwa umekwenda na maji.

"Mungu," nikasema kwa sauti, "isiwe nyumba ya mama."

Nikajisikia mwenyewe nikilisema. Bibi hakujua Kiswahili, ila nadhani alijua, kwa maana hakuuliza chochote. Aliutoa mguu wake polepole mkononi mwangu, akaokota soksi, akaivaa mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa hajaweza kuvaa soksi mwenyewe.

Sisi ni watatu tuliofika Marekani. Mkubwa ni kaka yetu, yaya, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, naye yuko Buffalo na anafanya kazi kiwandani. Dada anamfuata, anaishi Hilliard nje kidogo ya Columbus, amepanga na mume na watoto. Mimi ni kitinda mimba, na kitinda mimba hana kauli katika ukoo hata akiwa na mvi. Mama alikataa kuja. Alisema ndege ni za watu wenye haraka.

Kwa siku za kwanza tuliishi ndani ya simu. Kulikuwa na binamu yetu mmoja kule, mtoto wa mjomba, mwenye pikipiki. Alipita kando ya ziwa kila mahali maji yalipotema watu, akafunua mashuka na vitenge, akapiga picha, akatutumia. Hakupiga nyuso, maana tope na mawe vilikuwa vimezifanya nyuso zisitambulike. Alipiga miguu. Mama hakuwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Jembe lilikikata alipokuwa msichana. Nimeona miguu mingi mwaka ule, ya akina mama wa watu, na kila nilipohesabu vidole vitano nilishukuru, kisha nikajichukia kwa kushukuru.

Waliopatikana walizikwa pamoja, kwa haraka, kwenye shimo refu. Mama hakuwamo, au labda alikuwamo na hakuna aliyemtambua. Siku ya tisa nilimuuliza yaya, tukiwa watatu kwenye laini, tuweke matanga lini.

"Matanga ya nani?" akasema.

"Yaya."

"Mama hayakufa. Bado hawayamuona tu."

"Ni siku tisa."

"Hata zikuwe mia. Mutu asiyeonekana hayakufa. Donc unataka tumuue shiye wenyewe?"

Dada akasema basi tungoje kidogo. Dada yangu amesema basi tungoje kidogo tangu tukiwa wadogo, na kila mara ni mimi niliyechapwa kwa kutongoja.

Labda mtu wa kwingine hataelewa kwa nini sikujiwekea matanga yangu mwenyewe, nikaweka picha mezani, nikalia, nikamaliza. Kwetu msiba si wa mtu mmoja. Mkubwa hutangaza, viti hupangwa, kwaya huimba, akina mama huingia jikoni bila kuuliza sufuria ziko wapi, na siku hizo zinahesabiwa. Zikitimia, wanaume wa ukoo wananyoa vichwa ambavyo havijaguswa na wembe tangu kifo, ndipo maisha yanaruhusiwa kuendelea. Bila neno la yaya hakuna siku ya kwanza, na bila siku ya kwanza hakuna ya mwisho. Nilitaka kumlilia mama yangu. Hicho tu ndicho nilichotaka, na nilikuwa sina ruhusa.

Watu wa kanisani walikuja hata hivyo, maana habari haizuiliki. Walikuja na wali na maharage, na Mungu awabariki kwa hilo. Kisha wakafungua midomo. Mmoja akasema lile bonde lilikuwa limejaa uchawi siku nyingi. Mwingine, mama mwenye moyo mzuri kabisa, akanishika mkono akasema pengine Mungu alimwepusha mama na mabaya yaliyokuwa yanakuja. Nikamuuliza ni mabaya gani hayo yanayozidi kumezwa na tope. Alirudisha mkono wake. Waliondoka mapema, na sufuria ya maharage ilibaki kwangu mwezi mzima kwa sababu hakuna aliyethubutu kuja kuichukua.

Nilirudi kazini baada ya majuma mawili. Niliingia kwa ufunguo wangu, nikamkuta Bibi jikoni, amekaa juu ya kigoda. Nasema kigoda, kile kidogo alichokuwa anawekea miguu, kimo cha kuku. Mtu wa miaka tisini mwenye nyonga za kutengenezwa hospitali.

"Bibi! Nani kakuweka huko chini? Ukivunjika hapo ni mimi nitakayeulizwa."

Hakujibu. Nikaweka mkoba, nikachemsha maji, nikafagia, nikimsubiri aanze. Bibi huyu alikuwa hawezi kumwona mtangazaji wa televisheni bila kusema jambo kuhusu tai yake. Kimya. Ikapita nusu saa. Moyo ukanilipuka: kiharusi. Nikapiga magoti mbele yake, nikatazama kama mdomo umekwenda upande, nikamwambia ainue mikono yote miwili kama tulivyofundishwa. Akaiinua yote miwili, sawasawa, huku macho yamenikazia kwa hasira. Halafu akaishusha, akaendelea kunyamaza.

Mezani kulikuwa na bakuli la mayai ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa. Sikujua la kufanya tena, basi nikakaa sakafuni kando yake, nikaegemea kabati.

"Hawajamwona," nikasema.

"Sasa niambie," akasema Bibi. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mama alikuwa anauza sabuni na chumvi, na alikuwa anacheka kabla ya kumaliza hadithi, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kusikia mwisho wa hadithi yake hata moja. Nilimwambia kuhusu kidole. Nilisema mpaka chai ikapoa, na Bibi hakunikatiza, yeye aliyekuwa anamkatiza hata rabi. Kisha akanipa yai. Yai halina mdomo, akasema, na mfiwa vilevile, kwa hiyo ndicho chakula cha siku hizi. Anayekuja kukaa na mfiwa hana ruhusa ya kusema mpaka mfiwa mwenyewe aseme.

Akanikumbusha habari ninayoijua tangu shule ya Jumapili, ya yule mtu ambaye upepo mkali uliiangusha nyumba juu ya watoto wake wote siku moja. Marafiki zake walikuja, wakafanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba, hakuna aliyefungua kinywa. Halafu wakaanza kumweleza sababu. "Wakaharibu kila kitu," akasema Bibi. "Mtu anaweza kuchunguza matendo yake mwenyewe, akitaka. Lakini kumwambia aliyefikwa na maafa kwamba yamemfika kwa sababu hii au ile, kwetu ni dhuluma, sawa na kumdanganya mtu sokoni kwenye mizani. Mungu unaweza kugombana naye, amezoea. Mfiwa mwache."

Nikamwambia kuhusu yaya. Akaniambia sheria yao. Mtu akipotea majini na maiti isionekane, siku za kuomboleza zinaanza kuhesabiwa tangu siku watu wake walipokata tamaa ya kumpata.

"Nani anayeamua kwamba wamekata tamaa?"

"Wao wenyewe. Si mto, si serikali, wala si rabi. Siku watakayosema tumeacha kutafuta, hiyo ndiyo ya kwanza."

"Na wasiposema?"

Hapo ndipo aliponiambia kuhusu kaka yake. Mto huu huu wa Ohio ulipofurika, Bibi akiwa mtoto mdogo, kaka yake mkubwa alitoka na mashua kwenda kuwashusha watu juu ya mapaa, naye hakurudi. Wanaume waliokuwa wanamtafuta walikuja siku nyingi baadaye, kofia mkononi, wakamwambia mama yao kwamba sasa waache. Akakataa. Kila Ijumaa jioni aliiweka sahani ya kijana wake mezani, miaka nenda miaka rudi, hadi alipokufa yeye mwenyewe. Siku saba za kuomboleza, kama desturi yao, hazikuanza kamwe.

"Watu waliisifu imani yake," akasema Bibi. "Mimi nilikuwa naiosha ile sahani. Kila Ijumaa naosha sahani ambayo haijachafuka."

Kisha akaniomba nimwinue, maana nyonga zilikuwa zimekufa ganzi kabisa. Ilichukua dakika kumi na matusi mengi.

Maneno hayo niliyabeba majira yote ya joto. Nilikuwa nimepata ufunguo, nilidhani, na kilichobaki ni kufika kwenye mlango wa yaya. Yeye aliendelea kumpigia binamu kila siku kabla ya zamu, na binamu aliendelea kutuma picha. Majani yalipoanguka nilichukua likizo, nikapanda basi hadi Columbus. Dada alinipokea Hilliard, na mtoto wake mdogo akaniuliza kwa Kiingereza, akiwa anakula nafaka, kama koko, yaani mama yetu, ameonekana. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watoto wanavyouliza paka wa jirani. Niliona dada akimpa mtoto kisogo, na nikajua kwamba hata yeye amechoka kungoja kidogo.

Kesho yake tuliondoka kwa gari lake kwenda Buffalo, mwendo wa saa tano hivi. Nilipanga maneno njia nzima.

"Uniachie mimi nianze," akasema dada tulipopita Cleveland.

"Sawa."

"Naapa nakujua. Uniachie."

"Nimesema sawa!"

Yaya alitufungulia mlango akiwa amevaa makoti mawili. Alikuwa amekonda. Mezani hapakuwa na kitu ila simu mbili na nyaya zake za kuchaji, na ukutani hapakuwa na picha ya mama wala ya mtu yeyote. Alinikumbatia. Na mimi, kabla sijavua kiatu cha pili, nilianza. Nilimweleza habari ya Bibi, na sheria ya wanaopotea majini, na siku ya kwanza, na sahani ya Ijumaa. Nilisema vizuri sana. Nilisema kama wakili. Dada alikuwa ananivuta koti kwa nyuma na sikumjali.

Yaya alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ambayo ilipaswa kunitisha.

"Tangu lini umekuwa Muyahudi?"

"Yaya, si hivyo..."

"Umetoka kule kote Kentucky juu ya kuniletea sheria za watu, nimuzike mama bila maiti? Bon. Muko na chakula ku frigo."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Dada hakunilaumu. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri ukutani, akavipanga na vyangu, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa.

Kulipokucha, theluji itokayo ziwa la huko Buffalo ilikuwa imefunga mlango wa nje hadi usawa wa kitasa. Kiwanda kilituma ujumbe kwamba watu wasije. Hatukuwa na pa kwenda, hata mimi na ulimi wangu. Nilifungua friji kutafuta kitu cha kupika, nikakuta mayai na nusu kitunguu. Nikayachemsha. Nikiwa nayamenya chini ya bomba ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa Bibi nilikuwa nimechukua sheria, nikaacha kigoda. Mzee wa miaka tisini alijishusha hadi chini na nyonga zile akaninyamazia nusu saa, mimi nikasafiri siku mbili kwenda kumhutubia mfiwa nikiwa nimesimama na kiatu kimoja.

Nilikwenda nikakaa sakafuni nje ya mlango wa yaya, bakuli la mayai kando yangu. Dada alinitazama, kisha akaja akakaa upande wa pili. Sikumweleza kitu. Nje magari ya kusukuma theluji yalipita, yakarudi. Miguu ilikufa ganzi. Kunyamaza ni kazi ngumu, nawaambieni. Nimewahi kubeba mifuko ghalani zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, na hii ilikuwa ngumu zaidi.

Mchana yaya alifungua mlango, akatukuta pale chini. Hakushangaa, au hakuonyesha. Alikaa nasi sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango, akatoa simu, akaanza kutuonyesha picha, moja baada ya nyingine, tangu zile za mwanzo. Miguu ile yote. Alikuwa ameihifadhi yote. Akapitisha kidole, akapitisha, na picha zikabadilika, miguu ikakoma, zikawa ni za maji tu na mawe ya ufukweni. Za miezi ya karibuni zote zilikuwa za maji. Akaiweka simu juu ya goti.

"Ni mimi njo nilimwambia abakie," akasema.

Dada alilisogeza bakuli la mayai karibu naye.

"Mangaribi ya mbele ya siku ile alinipigia. Anasema, mwanangu, huu muto unalia mubaya, mi naenda kulala kwa mjomba kule juu. Na mi nilikuwa nimeagiza mabati ya nyumba yake. Camion ya kuyaleta ilikuwa inakuya asubui. Nikamwambia, Mama, bakia. Ukienda, watayaiba. Kesho utapanda." Akaigeuza simu kifudifudi. "Akasema, sawa, mwanangu."

Maneno yote ya dunia yalinijia mdomoni. Hukujua. Si kosa lako. Mungu ndiye anayejua. Nilihisi kila moja likinigonga kwenye meno likitaka kutoka, na mengine pengine yalikuwa kweli. Nikayashika. Dada alitambaa hadi kwake, akamshika kichwa akakiweka begani, na yaya wetu, aliyetubeba mgongoni kwa zamu tulipokimbia vita, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nami nililia. Nililia kwa miezi yote ile niliyokosa ruhusa, na sikuona aibu.

Baadaye alijifuta kwa mkono wa koti. Akachukua yai, akaligeuza geuza, akalila lote.

"Ule bibi yako," akasema. "Anasema siku ya kwanza ni gani?"

"Ile utakayosema wewe."

Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama ila weupe. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akamsemesha binamu. "Mudogo wangu. Muache kutafuta. Mumefanya yote. Merci. Bon. Muache." Ikatoa ule mlio wake mdogo wa ujumbe kwenda.

Jibu lilirudi kabla ya dakika tano. Kule ilikuwa jioni; nyuma ya sauti ya binamu nilisikia mbuzi, na mtu mzee akikohoa.

"Yaya, pole. Pole sana. Juu nikuambie ukweli, shiye tuliachaka tangu mwezi wa saba. Tulikuwa tunaogopa kukuambia. Mi nilikuwa naenda tu pale ziwani, napiga picha ya mayi, nakutumia, juu usione uko peke yako. Mjomba iko hapa. Nywele na ndevu zimemujaa sana, hayanyoa tangu ile siku ya mvua. Anauliza: ni leo njo siku ya kwanza? Juu ajue siku gani atanyoa."

Yaya alijaribu kujibu, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Mwishowe akaninyooshea mimi simu, mimi kitinda mimba, nisiye na kauli. Nikabonyeza.

"Ndiyo, Mjomba," nikasema. "Ni leo."